Kabla Useme "Bakslashi" Tena: Huu Mstari Umelala Upande Gani, na Unafanya Nini kwa Pesa Yako?

Washa redio asubuhi yoyote hapa Nairobi na kabla ya saa tatu utakuwa umesikia mtangazaji akisoma linki. Labda ni ya shindano la tiketi, labda ni ya kuomba kazi. Anaenda pole pole ndio upate kuandika: dabliu dabliu dabliu, nukta, jina la kampuni, nukta, ko, nukta, ke. Halafu anashusha sauti kama wakili na kumalizia, "bakslashi, ajira."

Manze, hapana. Kwa hiyo linki hakuna bakslashi hata moja. Linki za intaneti zinatumia slashi ya kawaida, hii hapa: / . Bakslashi ni hii ingine: \ . Ni ndugu wawili wamelala kitanda kimoja wakigeuziana mgongo. Mmoja anafanya kazi yote, mwingine anapewa sifa redioni.

Najua utasema hii ni kitu ndogo, kwani nani ashawahi kufa juu ya mstari? Sawa, lakini huo mstari uko kwa bei ya chapo unayokula, uko kwa namba ya OB ukiibiwa simu, uko kwa risiti ya fundi, na uko kwa ile linki ya WhatsApp inayokuahidi kazi huku ikipigia hesabu doh yako ya rent. Ukijua inaitwaje, imelala wapi na ilianza kazi gani, kuna wakora kadhaa watakukosa. Twende.

INALALA UPANDE GANI?

Wengi wanapotea kwa sababu wanaangalia mguu wa mstari. Achana na mguu, angalia kichwa. Sisi tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hivyo chukulia kila alama ni msee anatembea kuelekea kulia. Hii / kichwa chake kiko mbele. Huyo ni msee anapanda ngazi za flati haina lifti, orofa ya saba, amebeba mtungi wa gesi begani. Ameinama mbele. Ndiyo maana inaitwa fowadi slashi. Sasa hii \ kichwa kimebaki nyuma. Huyo ni hawker alikuwa anatoroka, kanjo akamshika kola. Miguu inataka kwenda, mwili umevutwa nyuma. Bakslashi.

Kama bado haijaingia, mwangalie yule jamaa wa mtandaoni anayeinua mabega:

¯\_(ツ)_/¯

Mkono ulio upande wako wa kushoto ni bakslashi, ule wa kulia ni slashi. Na kama umewahi kumweka mahali kama Reddit akatokea na mkono mmoja, si wewe ulikosea. Kwa programu nyingi, bakslashi si herufi ya kusomwa, ni amri. Inaambia kompyuta, "hiyo inayonifuata usiichukulie kawaida," halafu yenyewe inapotea. Ndivyo mkono wa jamaa unavyomezwa. Dawa ni kuongeza bakslashi zingine, moja imezwe nyingine ibaki.

Lakini hii story ya mbele na nyuma si amri ya kutoka mbinguni. Kiswahili chenyewe, kabla ya herufi hizi unazosoma, kilikuwa kinaandikwa Lamu, Pate na Mombasa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mtu anayesoma hivyo, / ndiyo imevutwa nyuma na \ ndiyo inaenda mbele. Cha kuchekesha, ukiandika Kiarabu kwa kompyuta, mabano yanajigeuza yenyewe yatazame upande unaofaa, lakini slashi haigeuzwi. Inaachwa vile ilivyo. Kwa hivyo "fowadi" ni jina la watu wanaoandika kwenda kulia, basi.

PANGA, PIGO, FIMBO

Sasa majina, na hapa ndipo nilipenda sana.

Slash kwa Kiingereza ni kukata kwa nguvu na kitu chenye makali. Mkenya yeyote aliyepitia shule ya serikali analijua hilo neno kupitia mgongo wake: umechelewa paredi, umepewa slasha, umepimiwa kipande cha nyasi nyuma ya choo, na huendi darasani hadi ikae kama uwanja wa golfu. Hiyo slasha na hii slashi ni neno moja. Mstari umepewa jina la namna unavyochorwa, kama mtu amepiga panga mara moja kwa karatasi.

Neno lenyewe ni la kitambo, ila kulitumia kuita alama ya maandishi ni mambo ya juzi tu, karibu mwaka 1961, na waliotuletea ni Wamarekani. Waingereza walikuwa wanasema stroke, yaani pigo, na hiyo ndiyo ilibaki kwa ofisi zetu. Enda stesheni ukaripoti kitambulisho kimepotea. Askari wa zamani akikusomea OB atakuambia "thelathini na nne stroke kumi na mbili stroke tano" na mwaka. Hapo 34 ni namba ya ripoti yako kwa siku hiyo, na zinazofuata ni tarehe. Zote ziandike. Ukienda na 34 pekee hujabeba kitu, kwa sababu kila siku iliyo na shughuli iko na 34 yake.

Na kwa vile tumegusa tarehe: ukiona skolashipu ya Marekani imeandika mwisho ni 4/5, usilale. Kwetu hiyo ni Mei 4. Kwao mwezi unakaa mbele, kwa hivyo ni Aprili 5. Slashi yenyewe haisemi nani anatangulia, inatenganisha tu. Kuna watu wamepoteza mwezi mzima hapo.

Turudi kwa majina. Kuna lingine la kitaalamu, virgule, na hilo limetoka kwa Kilatini: virgula, kifimbo kidogo, kijiti. Zamani za Ulaya, vitabu vikiandikwa kwa mkono, waandishi walikuwa wanachora kijiti hiki / pale msomaji anafaa kupumua. Yaani slashi ndiyo ilikuwa koma. William Caxton, jamaa aliyepeleka mashine ya kuchapisha vitabu Uingereza mwaka 1476, alijaza vijiti hivyo kwa kurasa zake. Biblia ya Kijerumani ya Martin Luther ya 1534, ukiifungua utaona slashi kila mahali wewe ungeweka koma. Ni kama mtu ameandika rap na kuonyesha pa kuvuta hewa.

Ikawaje ikawa koma? Kijiti kilichoka. Kilishuka taratibu hadi chini ya mstari, kikafupika, kikapinda mgongo. Miaka ya 1490 kule Venice, mchapishaji anaitwa Aldus Manutius alisaidia sana kukieneza kikiwa na hiyo sura mpya, na wengine wakafuata. Wajerumani ndio walikaa na vijiti vyao muda mrefu zaidi. Mfaransa naye hakujisumbua kubadilisha jina: hadi leo koma kwa Kifaransa inaitwa virgule. Muulize msee yeyote wa Goma ama Bukavu hapa mjini akutajie tatu nukta tano kwa Kifaransa. Atakuambia trois virgule cinq. Ametaja kijiti bila kujua.

Na koma? Hiyo ni ya Kigiriki, maana yake kipande kilichokatwa. Ndiyo maana walimu wetu wa Kiswahili wakiita koma "mkato" hawakuwa wanabuni vitu. Mkato ni mkato, slashi ni mkato. Baba mmoja, mama mmoja.

Sasa cheki jina letu. Wale mlilala darasani, Kiswahili kinaiita hii alama mshazari, ama mkwaju. Mshazari ni kitu kilichokaa upande upande, sawa, hiyo ni hesabu. Lakini mkwaju! Mkwaju ni mti unaotupa ukwaju, ule wa juisi ya Mombasa. Mkwaju pia ni fimbo. Na mkwaju ni shuti: mpira ukiisha sare, watangazaji wetu wanasema sasa ni mikwaju ya penalti. Mti, fimbo, pigo. Mrumi akaita kijiti, Mwingereza akaita pigo, Mmarekani akaita mkato wa panga, Mswahili akaweka yote kwa neno moja. Hakuna aliyemwangalizia mwenzake. Ukiuangalia tu huo mstari, ni fimbo iko hewani inashuka.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jina bora kushinda yote, na ni aibu kwamba tunasema bakslashi redioni na hatusemi mkwaju.

ILE / KWA BEI YA CHAPO

Haya, ingia kibandaski chochote uangalie ubao. Chapo 20/=. Ndengu 50/=. Matumbo 80/=. Umeiona tangu uzaliwe. Ushawahi kujiuliza hiyo / inafanya nini hapo, na nani aliweka zile fito mbili baada yake?

Wale watu wa Unicode, ambao kazi yao ni kupatia kila herufi duniani namba na jina rasmi ili simu zote zielewane, hawaiiti / slash. Kwa orodha yao jina lake ni Solidus. Na bakslashi wanaiita solidus ya kinyume. Solidus ni nini? Ni pesa. Ni sarafu ya dhahabu iliyotolewa na Konstantino, mfalme wa Roma, mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya dhahabu ilikuwa inatoa solidus 72. Ilikuwa sarafu ya kuheshimiwa hata askari wakapata jina lao hapo: soldier wa Kiingereza ni mtu anayelipwa solidus.

Roma ilianguka lakini hesabu ikabaki. Ulaya iliendelea kuhesabu kwa libra, solidus na denarius: denarius 12 ni solidus moja, solidus 20 ni libra moja. Waingereza wakaja na majina yao, pauni, shilingi na peni, ila vifupisho wakaviacha vya Kilatini. Ndiyo maana pauni inaandikwa £, hiyo ni L ya libra. Peni ilikuwa d, ya denarius, ambaye ndiye babu wa dinari ya Waarabu. Na shilingi ilikuwa s, ya solidus. Wengi hudhani ni s ya shilingi, kumbe ni ya Mrumi.

Siku hizo kulikuwa na s ndefu, iliyosimama kama f imenyang'anywa kimkono: ſ. Karani dukani anaandika bei mia kwa siku, haraka haraka, shilingi 5 na peni 6, anaweka ile s ndefu katikati. Siku ya kwanza ni s. Baada ya miaka ni mstari umepinda kidogo. Mwishowe ni mkwaju tu: 5/6. Na kama hakuna peni, badala ya sufuri anaweka kistari: 5/- .

Umetazama Alice in Wonderland? Yule jamaa wa kofia kubwa, ile Johnny Depp aliigiza 2010, ana kikaratasi kimeandikwa 10/6 kwa kofia. Kilichorwa na John Tenniel kwa kitabu cha 1865 na hakijawahi kutoka. Watu wanadhani ni tarehe. Ni bei, shilingi 10 na peni 6. Jamaa anauza kofia, na hiyo ya kichwani bado ina tagi.

Sisi tuliletewa hii kitu mwaka 1921. Kabla ya hapo Kenya ilitumia rupia, halafu florini kwa muda mfupi hata haikuzoeleka, ndipo ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Zanzibar iliingia 1936. Shilingi yetu haikuwa na peni kumi na mbili, ilikuwa na senti mia, lakini mkwaju wa makarani ulikuja nayo. Shilingi mbili na senti hamsini ikaandikwa 2/50. Bila senti, kistari, na mikono ya watu wetu ikakifanya viwili: /= . Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa shilingi yake mwenyewe, mkwaju ukabaki kwa zote tatu. Waingereza wenyewe walitupa shilingi Februari 15, 1971. Kwa hivyo ile alama ya Mrumi, ukitaka kuiona bado inaishi kazini, usiende London. Enda kwa mama wa chapo.

Ndiyo pia ujue ukiandika "Ksh 50/=" umesema shilingi mara mbili. Ksh ni shilingi, / ni shilingi. Ni kama kusema mashine ya ATM mashine.

Lakini usiiache! Hapa ndipo kuna maana. Chukua risiti ya mkono, zile za kitabu cha karboni. Mtu akiandika 500 katikati ya nafasi kubwa nyeupe, kuna mlango wazi pande zote mbili. Mkora akiongeza 1 mbele inakuwa 1500. Akiongeza 0 nyuma inakuwa 5000. Sasa andika Sh500/= bila kuacha hata upenyo wa sindano. Sh imefunga mlango wa mbele, mkwaju na fito zake zimefunga wa nyuma. Nani ataongeza sufuri baada ya /= ? Itaonekana hata na mtu amelewa. Fanya hivyo kwa hundi, kwa IOU ya chama, kwa makubaliano ya depositi ya nyumba, na uandike pesa kwa maneno pia. Mimi nilifundishwa na fundi wa viti, si na chuo. Chuo nilichoacha kilinipa namba ya usajili yenye mikwaju mitatu na hiyo ndiyo kitu pekee nilitoka nayo.

Kitu kingine kifupi: mwanahisabati Augustus De Morgan alipendekeza miaka ya 1840 kwamba sehemu kama nusu ziandikwe 1/2, ndani ya mstari, badala ya kupandisha moja juu ya nyingine na kumsumbua mchapishaji. Kwa hivyo ukiona mkwaju kwa hesabu, mlaumu De Morgan.

NA HII \ ILITOKA WAPI?

Slashi iko na historia ya Roma, makasisi, makarani na penalti. Bakslashi haina hata babu. Iliingizwa kwa kompyuta na jamaa wa IBM anaitwa Bob Bemer, Septemba 1961. Wakati huo wahandisi walikuwa wanakubaliana ni herufi zipi kila kompyuta lazima iwe nazo, orodha iliyokuja kuitwa ASCII na kutolewa 1963. Bemer alikuwa anataka alama mbili za mantiki, moja ya "na" na nyingine ya "ama", zinazofanana na paa la nyumba na paa lililopinduliwa. Kuongeza alama mbili nzima ilikuwa gharama. Akaona slashi tayari iko. Ukimwongezea pacha wake, unazipata zote: /\ na \/ . Basi bakslashi ikaingia, namba 92. Slashi ni 47. Huyo huyo Bemer ndiye anapewa sifa ya kitufe cha Esc kilicho kwa kona ya kibodi yako.

Sasa vurugu. Mwishoni mwa miaka ya 60 na kuingia 70, Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs walitengeneza mfumo wa Unix, na ndani yake mkwaju ukatumika kutenganisha folda: folda/folda/faili. Nyumba, chumba, sanduku. Simu yako ya Android imejengwa juu ya Linux, ambayo ilifuata nyayo za Unix, kwa hivyo ukifungua mahali faili zinakaa utaona /storage/emulated/0/ na vitu kama hivyo.

Microsoft nao walitoa MS-DOS mwaka 1981, na haikuwa na folda kabisa. Mkwaju tayari walikuwa wameupatia kazi nyingine, ya kuongeza masharti kwa amri. Mwaka 1983 toleo la pili likaleta folda, wakaangalia kibodi, wakaona / imeshachukuliwa. Iliyobaki ikining'inia bila kazi ni ile ya Bemer. Ndio tukapata C:\ . Kila kompyuta ya saiba uliyowahi kukalia ilikuonyesha hiyo, na ndipo mtangazaji wetu wa redio alipojifunzia. Alizoea Windows, akadhani dunia yote ni Windows.

Mkasa wa Japani ni mtamu zaidi. Kwa orodha yao ya herufi, ile nafasi ya 92 waliweka alama ya yen. Kwa hivyo Windows ya Kijapani kwa miaka mingi imeonyesha C:¥ badala ya C:\ . Slashi ni shilingi, bakslashi ni yen. Hawa ndugu hawajui kukaa mbali na pesa.

Intaneti iliposhikana, Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti pale CERN alifuata mtindo wa Unix, akatumia / . Mbili za mwanzo, zile za https://, wazo aliliazima kwa mfumo wa kompyuta za Apollo. Mwaka 2009 alikiri hadharani kwamba hizo mbili hazikuwa na lazima, angeweza kuziacha. Fikiria wino na vidole ambavyo dunia ingeokoa. Lakini zimeshakaa, na kuna kazi moja zinakufanyia bila yeye kukusudia, nitakuonyesha sasa hivi.

Kwa haki, ukikosea ukaandika bakslashi kwa linki, brauza nyingi za leo zinakusamehe na kuibadilisha kimya kimya. Kwa hivyo mtangazaji hakuharibii maisha. Shida ya kweli si kuandika. Ni kusoma.

MKWAJU WA KWANZA NDIO MWENYE PLOTI

Linki imeingia kwa grupu. Inasema kuna nafasi za kazi serikalini, jaza leo. Iko hivi:

https://ajira-leo.com/psc.go.ke/jaza

Umeona go.ke, umetulia, kwa sababu unajua go.ke ni ya serikali. Hapo ndipo wanakumaliza. Soma hivi: ruka zile slashi mbili za mwanzo. Kutoka hapo tembea hadi ugonge mkwaju wa kwanza. Simama. Kilicho nyuma ya huo mkwaju, pale umetoka, ndiye mwenye ploti. Hapa ni ajira-leo.com. Kila kitu baada ya mkwaju ni vyumba ndani ya ploti, na mwenye ploti anaweza kuandika jina lolote kwa mlango. Anaweza kuandika Ikulu. Haifanyi pawe Ikulu.

Wakijua umeshtuka, wanakuja na hii:

https://psc.go.ke.ajira-leo.com/jaza

Sasa go.ke iko kabla ya mkwaju, si ndio? Lakini mwenyewe hukaa mwisho, akiwa amegusana na mkwaju. Kwa hivyo ukishasimama pale kwa mkwaju wa kwanza, rudi nyuma nukta kwa nukta. Ya kwanza kukutana nayo ni com, halafu ajira-leo. Mwenye ploti ni yule yule wa jana. Psc.go.ke hapo mbele ni jina amejipaka tu kwa geti. Linki ya serikali ya kweli, ukifika kwa mkwaju wa kwanza, kinachougusa ni .go.ke yenyewe, hakuna kingine katikati. Na benki ikiwa jina lake linaishia .co.ke, lazima hilo jina lenyewe, herufi kwa herufi, ndilo lipakane na .co.ke kabla ya mkwaju. Ukikuta kistari kimeongezwa, kama benkiyako-zawadi, hiyo si benki yako. Hiyo ni ploti ingine kabisa.

Kwa simu linki ndefu hukatwa, unaonyeshwa mwanzo tu, na wakora wanalijua hilo, ndiyo maana hupenda kuanza na jina zuri. Ishike linki kwa kidole bila kuifungua, ikopi, iweke mahali pa kuandika meseji kwako mwenyewe, uione yote. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya zile mbili. Kama mwenye ploti humjui, hata kama ndani ameandika jina la mamako, usijaze namba ya kitambulisho.